Mkono Alioinua Cyriaque

Watu wa kanisani kwao Akalla, pembezoni mwa Stockholm, hawakuwahi kuielewa sawasawa kazi ya Cyriaque. Mmoja angekuambia anafanya kazi na Wamarekani, mwingine angesema anasafirisha vijana, na mzee Deusdedit, ambaye siku haikumwishia vizuri bila kumtania mtu, alimwita "waziri wa magongo." Hata Xavérine, mkewe, aliyeolewa naye Bujumbura na kufika naye Stockholm akiwa amemshika mkono Yvan huku Ariane bado yumo tumboni, ilimchukua miaka kuielewa. Alichokuwa na hakika nacho ni kimoja: mumewe alijaliwa kipaji cha kukaa na watu. Akiingia nyumba ya mtu, hata kama ni ugomvi uliomleta, hutoka akisindikizwa.

Kipaji hicho ndicho kilichomtoa kwenye maghala ya Jordbro, kusini mwa jiji. Miaka ya mwanzo alikuwa akipakia mizigo huko, na akitoka kazini alipita kando ya uwanja ambapo klabu ndogo ya besiboli ilifanya mazoezi. Alisimama uzioni akitazama watu wakirusha mpira, wakiupiga kwa gongo, wakikimbia kuzunguka vituo vinne mpaka pale walipoanzia. Aliuliza sheria, akaelezwa, hakuelewa, akarudi tena. Kisha ikatokea mipira ikavunja vioo vya nyumba za jirani mara moja zaidi ya uvumilivu wa wenyewe, wakataka klabu ifukuzwe. Cyriaque alikwenda nyumba kwa nyumba akiwa na keki ya Xavérine mkononi. Sijui aliwaambia nini, ila majirani wale wale walisaidia kufunga wavu mrefu, na mwaka uliofuata mmoja wao akawa mweka hazina wa klabu. Cyriaque wakamfanya katibu, baadaye meneja.

Mwaka 2005 klabu moja kubwa ya Marekani, ya wachezaji wa kulipwa, ilitafuta mtu wa kuiangalizia vijana wa Ulaya ya Kaskazini. Watu wa kupima mwendo wa mpira walikuwa nao tele. Walichokosa ni mtu ambaye wazazi wangemfungulia mlango. Ndivyo Cyriaque alivyokuwa mkurugenzi, ofisi yake ya kwanza ikiwa meza ya jikoni, kati ya sufuria za Xavérine na madaftari ya watoto.

Kazi ilimtoa nyumbani sana. Leo yuko Uholanzi, keshokutwa Ucheki, na kila mwisho wa majira ya baridi anakwenda Florida kwenye kambi ya klabu. Xavérine alikuwa muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee huko Vällingby, na aliizoea nyumba isiyo na mume kama mtu anavyozoea jino lililong'oka: ulimi unapita pale mara kwa mara, basi. Cyriaque akirudi alikuwa hafungui begi kwanza. Aliingia jikoni na koti lake, akafunua kila sufuria, akauliza habari za wagonjwa wa mkewe kwa majina yao, mmoja mmoja.

"Mama Yvan, yule Gunvor bado anakuita Margareta?"

"Jana kaniita Karin, jina la binti yake. Nimepandishwa cheo."

Nyumbani walisema Kiswahili cha Bujumbura. Watoto walikielewa chote na kujibu kwa Kiswidi, na wazazi walikuwa wamechoka kuwagombeza kwa hilo. Ariane alikuwa mtoto wa vitabu. Yvan ndiye aliyemfuata baba yake uwanjani tangu glavu inamfika kiwiko. Alicheza nafasi ya mdaka mpira, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa amevaa kofia ya chuma, na alipofika miaka kumi na saba mkono wake ulikuwa ukirusha mpira mpaka watu wanageuka kuangalia umetoka kwa nani.

Kiangazi cha 2009 wakubwa wa Marekani wakamwandikia Cyriaque: huyo kijana mdaka mpira wa Stockholm, mbona hatujapata taarifa yake? Cyriaque akawajibu kwamba kijana huyo ni mwanawe, na yeye hawezi kuwa mwenye ng'ombe na mnunuzi siku hiyo hiyo. Watume mtu mwingine.

Wakamtuma Térence, mtu wa Montréal ambaye wazazi wake walitoka Haiti, mpole, mrefu kupita mlango. Sharti lilikuwa moja: mazungumzo yakifanyika, Cyriaque asiwepo. Kwa bahati siku hiyo ilikuwa zamu yao ya kufua, na Stockholm mtu haachi zamu ya kufua hata akifiwa. Basi mkurugenzi wa Ulaya ya Kaskazini akashuka na mashuka yake kwenye chumba cha mashine chini ya jengo, huku juu, jikoni kwake, mkewe akiketi kuzungumza na mjumbe wa waajiri wake.

"Madame," Térence alianza kwa Kifaransa, "mwanao ana mkono wa nadra."

"Ana na kichwa pia," alisema Xavérine. "Kichwa hicho kimebakiza miaka miwili ya shule."

"Kuna walimu wanaoweza kumfuata kambini."

"Mwalimu anamfuata mwanafunzi? Huko kwenu mambo yamegeuka." Akammiminia chai. "Aje kwenu wakati wa likizo. Shule ikifunguliwa, mnamrudisha. Akimaliza, mchukueni."

Yvan, aliyekaa ubavuni mwa mama yake, alitikisa magoti mpaka vikombe vikagongana. Térence alisema wakubwa hawatalipenda hilo.

"Basi kunywa chai yako, baba. Tuzungumze habari za Montréal. Nasikia ni baridi kama hapa."

Ariane, aliyekuwa akisikiliza koridoni, alishuka ngazi mbio mpaka kwenye mashine. "Papa," alisema kwa Kiswidi akihema, "Mama anashinda." Cyriaque alicheka mpaka akakaa juu ya kapu la nguo. Jioni ile alimwambia mkewe kwamba katika kazi yote hajawahi kukutana na mama mgumu namna ile, na kama angekuwa yeye upande wa pili wa meza angekwisha kutoa hata viatu vyake.

Wakubwa walikubali. Viangazi viwili Yvan alikwenda na kurudi. Juni 2011 alimaliza shule, akazungushwa mtaani akiwa na kofia nyeupe ya wahitimu na maua shingoni, Xavérine akapiga vigelegele vilivyowaleta Waswidi madirishani. Wiki chache baadaye akaondoka moja kwa moja. Kila Jumapili baada ya misa alipiga simu. Anakula? Anakula. Analala? Analala. Mpira je? Mpira uko sawa, Mama. Xavérine, ambaye kazi yake ilimfundisha kusikia maumivu ya watu wasiokumbuka hata neno la maumivu, alisikia kitu kwenye lile "uko sawa," lakini hakukipa jina.

Machi 2012 alikuwa akimchana Gunvor nywele simu ilipolia. Ilikuwa Cyriaque, kutoka Florida.

"Mama Yvan, uko wapi?"

"Kazini. Sema."

"Wamemwacha."

"Wamemwacha nani?"

"Yvan. Klabu imemwacha. Mkataba wake umeisha leo."

Xavérine aliweka kitana chini. "Yeye amekwisha kujua?"

"Nimemwambia mwenyewe asubuhi hii. Walitaka kumtuma mtu wa ofisini, nikakataa."

"Akasemaje?"

"Alisema asante."

"Asante tu?"

"Akanipa mkono."

Hapo Xavérine alijua mambo ni mabaya. Mtoto akilia, akitukana, akipiga mlango teke, bado ni mtoto wako. Akikupa mkono na kusema asante, amekuhesabu pamoja na wenye ofisi.

Yvan alirudi na ndevu. Mama yake alimpokea uwanja wa ndege wa Arlanda, akamkumbatia, akasikia mifupa. Nyumbani alilala, akaamka, akala, akalala. Ariane alimletea filamu za kuchekesha, wakazitazama bila kucheka. Cyriaque alirudi siku chache kabla ya Pasaka, na siku hiyo hakufunua sufuria hata moja. Walikaa mezani wote wanne. Xavérine alikuwa amepika mboga za lengalenga na ndizi na samaki, chakula ambacho kwa kawaida kiliwafanya wagombee kijiko, lakini jioni ile kila mtu alikuwa akimsogezea mwenzake bakuli.

Ndipo Yvan akauliza, kwa Kiswidi, bila kuinua uso.

"Kile kikao cha kupitisha majina. Ulikuwemo?"

"Nilikuwemo," Cyriaque alijibu kwa Kiswahili.

"Wanapiga kura kwa mikono, sivyo? Wanaotaka mchezaji aachwe wanainua mkono."

"Ndiyo."

"Wewe ulikaa kimya? Ulitoka nje?"

Xavérine alimtazama mumewe. Jambo hilo yeye pia hakulijua. Alijiambia moyoni kwamba lazima alitoka, kama alivyoshuka kufua mashuka mwaka ule.

"Waliniambia nitoke nikitaka," alisema Cyriaque. "Sikutoka. Niliinua mkono."

"Kwamba nibaki?"

"Kwamba uachwe."

Yvan alisimama taratibu. Alirudisha kiti chake chini ya meza kama mtu aliyelelewa vizuri, akachukua koti, akaenda kulala kwa rafiki yake. Ariane alianza kulia. Xavérine alikusanya sahani, akaziosha zote, akaenda kulala bila kumngoja mumewe.

Asubuhi Xavérine alikuwa na zamu Vällingby. Cyriaque alivaa viatu akamfuata bila kualikwa. Walitembea mpaka kituo cha Akalla, wakateremka chini ya ardhi. Pale ndipo reli inapoishia, kwa hiyo treni husubiri milango ikiwa wazi. Waliingia, wakakaa.

"Baba Yvan," alisema Xavérine, "nilikuzalia yule mtoto. Niliuza maneno yangu yote kwa yule Térence ili aende salama. Wewe ukainua mkono, ukanipigia simu ukasema 'wamemwacha.' Wao? Kwa nini hukusema 'tumemwacha'?"

Cyriaque alitazama mikono yake. Alipoanza kusema alisema kwa sauti ndogo, mpaka Xavérine akalazimika kuinama.

"Nilikaa jukwaani kila siku ya kambi. Kila akikosa mpira, alinitazama mimi. Kocha yuko karibu naye, hamtazami. Wenzake wapo, hawatazami. Ananitafuta mimi kule juu. Akipiga vizuri vilevile, hafurahi mpaka anione nimefurahi. Nikasema labda ni siku moja. Ikawa kila siku. Mama Yvan, yule mtoto hapendi ule mchezo. Sijui kama amewahi kuupenda. Ananipenda mimi, na mimi siku zote nilikuwa uwanjani, basi akaja kunitafuta huko."

Akafuta macho kwa mkono wa koti. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yao aligeuza uso dirishani kwa adabu, ingawa nje hapakuwa na kitu isipokuwa mwamba.

"Wangeweza kumweka mwaka mwingine," aliendelea. "Wengine walitaka kumweka kwa sababu yangu, nilijua. Angelala kwenye mabasi miaka mitano ili nisione aibu. Nikainua mkono. Baada ya hapo nikaenda chooni nikatapika."

Milango ilifungwa, treni ikaondoka nao. Xavérine alipaswa kubadilisha njia mjini, lakini walipofika hakusimama. Alipiga simu kazini akasema atachelewa, ana mgonjwa nyumbani. Kisha akautwaa mkono wa mumewe, akauweka mapajani mwake, akaushika kwa mikono yote miwili. Hasira yake haikuwa imekwisha. Ilikuwa imekaa pembeni tu, ikimpisha mtu mwingine apite.

"Hayo uliyoniambia," alisema, "si yangu. Mwambie mwenyewe."

"Nitaanzaje?"

"Wewe? Unayekaa na mama wa kila mtoto Ulaya nzima? Utaanza hapo hapo ulipoanza na mimi. Na chooni pia mwambie. Asikie kwamba hata baba yake ana tumbo linalouma."

Yvan alirudi alasiri kuchukua nguo. Alimkuta baba yake amekaa chini, koridoni, ameegemea mlango wa chumba cha mwanawe, akiwa ameahirisha safari ya kazi ya Uholanzi. Hapakuwa na njia ya kumpita ila kumruka. Xavérine, aliyekuwa ametoka kazini mapema, alibaki jikoni akimenya viazi ambavyo hakuna aliyevihitaji, mlango ukiwa wazi.

Cyriaque alimweleza yote. Alieleza vibaya, akirudia, akijikwaa, hakufanana kabisa na yule mtu aliyewatuliza majirani wa Jordbro. Yvan alisikiliza akiwa amesimama. Mwisho akateleza taratibu ukutani mpaka akakaa sakafuni naye, miguu yao ikigusana katika ile korido nyembamba.

"Najua, Papa," alisema. Alisema kwa Kiswahili, cha kitoto, maana ndicho alichobaki nacho. "Mimi nilikuwa nakutafuta kwa macho. Nilijua kama nakutafuta."

"Basi—"

"Lakini ungeniuliza. Kabla hujainua mkono, ungekuja, ungeniuliza mimi."

Viazi vilikoma kumenywa jikoni.

"Ni kweli," alisema Cyriaque. "Ningekuuliza. Nilikosea, mwanangu. Niliogopa utasema unataka kubaki, kisha ningeshindwa."

Yvan hakusema amemsamehe, na Cyriaque hakumdai. Walikaa tu pale mpaka Ariane aliporudi kutoka shule akawaruka wote wawili kwenda chooni, akilalamika kwamba nyumba hii imejaa watu wazima wasiojua matumizi ya viti.

Haikuisha siku ile. Kwa majuma kadhaa Yvan alimjibu baba yake kwa mkato, na kuna Jumapili moja walibishana kwa sauti kuhusu kitu cha kipuuzi, nadhani ni dirisha, mpaka Xavérine akawatoa wote nje wakatembee. Walirudi wamelowa na mvua, wakizungumza habari za madaraja. Kumbe kijana alikuwa akipenda madaraja tangu zamani na hakuna aliyepata kujua. Kiangazi alifanya kazi ya kupanda maua kwenye bustani za jiji, na vuli ile akaenda Luleå, kaskazini kabisa, kusomea ujenzi.

Cyriaque aliwaandikia wakubwa wake kwamba mzazi asikae tena kwenye kikao kinachomhusu mwanawe, hata akiomba mwenyewe, maana akiomba ndiyo dalili kwamba hafai. Walikubaliana naye, na mwaka uliofuata wakampa Ulaya nzima aisimamie. Mzee Deusdedit alitangaza kanisani kwamba sasa ni waziri mkuu.

Cheo kilipokuja, Cyriaque alimwomba mkewe jambo ambalo hakuwahi kumwomba. Huko Jordbro palikuwa na mama Mkongomani, Denise, mtu wa Bukavu, ambaye mwanawe Heshima alikuwa akirusha mpira vizuri mno. Cyriaque alikuwa amekwenda kwake mara mbili, akapewa chai, akasindikizwa vizuri, na jibu akakosa.

"Twende wote," alimwambia Xavérine. "Wewe umekaa upande wake wa meza. Mimi sijakaa."

Walikwenda Jumamosi moja ya vuli, mwaka 2013. Denise aliwapokea kwa mikate ya kukaanga, ya moto, akamwita Xavérine "dada" kabla hajakaa. Cyriaque akaanza maelezo yake. Denise akamsikiliza nusu, kisha akamgeukia Xavérine.

"Dada, wako naye alienda kule, ni vile?"

"Alienda."

"Na sasa iko wapi?"

Cyriaque aliinama akatazama kikombe. Xavérine akamweleza Denise kila kitu: shule aliyoidai, simu za Jumapili, siku ya Arlanda na mifupa, mkono ulioinuliwa. Hakumficha mumewe na hakumpaka matope. Denise alisikiliza akiwa ameshika shavu. Xavérine alipomaliza, Denise aliita chumbani, Heshima akatoka, kijana mwenye mabega mapana na haya nyingi.

"Weye," mama yake alimwambia, "mupira huo unaupenda, ao unapenda tu watu wakuangalie? Usinijibu leo. Jibu utanipa Noeli."

Heshima alicheka kwa aibu, akasema sawa, Mama. Cyriaque akasema Noeli ni mbali, wakubwa watamuuliza. Wanawake wote wawili wakamtazama, akachukua mkate mwingine.

Kituoni Jordbro treni yao ilikuwa imekwisha kuondoka. Walikaa kwenye benchi na mfuko wa mikate waliyofungiwa, upepo ukipeperusha majani ya njano relini. Cyriaque alisema, akijifanya amekasirika, kwamba kwa mwendo huu mkewe atamfukuzisha kazi. Xavérine alimwambia afunge shingo ya koti. Kabla hajaifunga, simu ya Xavérine ikalia. Alikuwa Yvan.

"Mama, maharage yanachemka muda gani? Yamekuwa meusi chini na juu bado magumu."

"Uliyaloweka?"

"Kuloweka ni nini?"

Xavérine akafumba macho. "Zima jiko kwanza. Umezima? Haya, chukua sufuria nyingine."

Akaanza kumweleza tangu mwanzo, polepole, huku Cyriaque akiwa amesogeza sikio karibu na simu, akidakia kila mara kwamba aongeze kitunguu.